Simu ya Baba, Mikono ya Mama



Mjini Dhaka, Bangladesh, watafiti walitambua kwamba mgonjwa wa kipindupindu anapolazwa, watu wa nyumbani mwake wamo hatarini zaidi katika siku 7 zinazofuata. Basi walimfundisha mlezi kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha wakaifuata familia nyumbani kwa ujumbe wa simu kila wiki: nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji, funika chombo. Kuhara kwa watoto kulipungua. Mpango wa namna hiyo ukapelekwa pia Bukavu, Kongo.

Nauliza: simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi za parokia yetu ni ya baba, naye huondoka nayo alfajiri. Anayemtawaza mtoto na kumkorogea uji ni mama. Ujumbe ukibaki mfukoni mwa baba, haujamfikia mtoto. Kwa hiyo nawasihi akina baba wausome kwa sauti jioni. Au, afadhali zaidi, wamnawishe mtoto wao wenyewe.

Wala tusimlaumu asiye na maji kana kwamba ni mzembe. Unga kidogo wa sabuni katika chupa ya maji hutosha kunawa mara nyingi. Lakini bomba lililokauka ni jambo la serikali ya kijiji, na katika kikao chake kijacho natazamia kuwaona.