Kutangulia Si Kufika: Maneno kwa Waalimu na Wazazi wa Buseresere



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya michezo. Huenda wako wazee wanaoona ya kuwa sikukuu ya yubile si mahali pa kusimulia habari za mpira na mbio. Twaomba watuvumilie. Waliojenga kanisa na shule katika nchi hizi walisafisha na kiwanja pia, wala hawakufanya hivyo bure. Kwa maana tabia ya mtoto hujulikana kiwanjani upesi kuliko katika daftari lake. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwataja wakimbiaji, wala hakuona haya.

Watu wa nchi nyingine huwasifu sana wachezaji waliokuwa hodari katika michezo miwili. Waingereza humkumbuka Max Woosnam, mwana wa kasisi, aliyezaliwa mwaka 1892. Mwaka 1920 alipata nishani ya dhahabu ya tenisi ya wawili wawili katika Olimpiki ya Antwerp. Mwaka 1921 akashinda tena kwa namna hiyo Wimbledon. Na mwaka 1922 akawa nahodha wa timu ya mpira ya England ilipocheza na Wales. Habari hizi ni njema. Lakini mtoto wa Buseresere akizisikia atasema, “Huyo alikuwa na kiwanja cha tenisi. Mimi nina njia ya vumbi tu.” Basi leo tutasimulia habari za mtu wa nchi yetu, aliyetoka shamba, na aliyekuwa hodari katika mashindano mawili yasiyofanana. Jina lake ni Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa Karatu tarehe 23 Juni 1953, katika nchi ya wakulima na wafugaji. Akawa askari wa Jeshi la Wananchi, na mbio zake zikaanza kujulikana. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, alishindana mbio za mita 1500 na Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye dunia nzima ilikuwa ikimwogopa. Bayi akamshinda. Watu waliuliza, “Kijana huyu ni nani?” Hawakungoja sana kupata jibu.

Tarehe 2 Februari 1974 alisimama penye mstari katika mji wa Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa na umri wa miaka 20. Sasa waalimu wasikilize jambo hili, maana ndilo lililowashangaza wajuzi. Desturi ya wakimbiaji wa mbio zile ilikuwa kujificha nyuma ya wengine, kila mtu akimtazama mwenzake, hata mzunguko wa mwisho, ndipo wafyatuke. Bayi hakufanya hivyo. Bastola ilipolia alitoka mbele, akakaa mbele, akawaacha wengine wamfuate wakiweza. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao waliokuwa wakimshangilia, alimkaribia sana mwishoni, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Walker alitumia sekunde 32.52 baada ya dakika zile 3. Rekodi ya dunia iliyokuwapo, ya Jim Ryun wa Marekani tangu mwaka 1967, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1; hivyo hata yule aliyeshindwa aliivunja. Rekodi ya Bayi katika michezo ile ya Madola ilidumu miaka 48, mpaka ilipovunjwa mwaka 2022 huko Birmingham.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, akiwa Kingston katika Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akavunja rekodi ya dunia ya maili pia. Lakini sifa ya duniani ina miguu mepesi. Haikupita hata miezi mitatu, Walker akaichukua rekodi ile ya maili kwa dakika 3 na sekunde 49.4.

Ndipo dunia ikangoja Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, ili wawili hawa wakutane tena. Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, na ambako mwezi Juni watoto wa shule walikuwa wameuawa kwa risasi Soweto. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zilikataa kwenda Montreal kwa sababu New Zealand haikuzuiwa kushiriki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwazo. Walker alikimbia, akapata dhahabu. Bayi alikuwa mbali na kiwanja.

Hatusemi ya kuwa Bayi angeshinda, hakuna ajuaye. Twasema hili tu: mkimbiaji ana miaka michache ya nguvu, na Olimpiki huja mara moja katika miaka minne. Kijana yule alitozwa gharama iliyowapasa watu wote, akailipa kwa miguu yake mwenyewe. Sisi tuliokaa nyumbani tukisifu msimamo wa nchi, hatukupoteza kitu. Ni vema tukumbuke nani aliyelipa.

Hata hivyo hakukaa chini kulia. Alijifunza shindano jingine, yaani mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Msidhani ni kazi moja na ile ya kwanza. Ni kama mcheza mpira kushika ubao wa tenisi. Katika mbio zile mtu huruka viunzi mara 28, na mara 7 huruka shimo la maji. Pumzi peke yake haitoshi, miguu haina budi kujua kupima hatua. Tarehe 31 Julai 1980, huko Moscow, Bayi alifanya kama desturi yake: alitangulia, akawaacha wenzake mbali. Watu wakadhani yamekwisha. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia, akampita, akashinda. Bayi akawa wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.48, akapata nishani ya fedha.

Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Walisema pia, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali zote mbili zilitimia siku ile.

Tena siku iliyofuata, jirani yetu wa ng’ambo hii ya ziwa, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita upande wa Musoma, alipata nishani ya fedha katika mbio za mita 5000. Aliachwa na Miruts Yifter wa Uhabeshi kwa chini ya sekunde moja. Na Nyambui, enyi waalimu, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Nishani hizo mbili za Moscow ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki. Hata Paris mwaka 2024 haikuongezeka nyingine.

Sasa, je, Bayi alifika wapi? Rekodi zake za dunia zilichukuliwa na wengine. Miguu ilichoka, kama miguu yote ichokavyo. Lakini yeye na mkewe Anna walianzisha shule, Dar es Salaam na Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Nguvu ya miguu aliigeuza kuwa madarasa. Hapo ndipo alipofika, kwa fikira zetu. Wala huko hakuna Walker wala Malinowski awezaye kumpita.

Twarudi nyumbani. Sisi wa nchi hii ya dhahabu tumeona mfano wetu wenyewe. Timu ya Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake, George Mpole, akawa mfungaji bora wa nchi kwa mabao 17. Tulishangilia hata sauti zikakauka. Mwaka 2024 timu ikashuka daraja. Haya si matusi. Ndivyo michezo ilivyo. Ila yatufundisha tusimwambie mtoto kwamba mpira peke yake utamlisha maisha yake yote.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Mtoto mwenye mbio na kifua cha nguvu, hapa kwetu, huonwa kwanza na watu wa machimbo kabla ya kuonwa na mwalimu. Hutolewa darasani akabebe mawe, naye huona fedha za siku mbili tatu, hudhani ametangulia mbele ya wenzake waliobaki na kalamu. Wazazi, kutangulia si kufika. Dhahabu ya ardhini haiozi, yaweza kumngoja amalize shule. Umri wake haumngoji.

Basi twawaomba waalimu mambo matatu. Kiwanja cha shule kisilimwe mahindi, wala kisiuzwe vibanda vya soko. Mwalimu na apime mbio za watoto kwa saa yake ya mkononi, aandike katika daftari jina, tarehe na muda, wavulana na wasichana pia, mwaka hata mwaka. Kwa njia hiyo kipawa hakitapita bila kujulikana. Na mtoto ashindaye mbio asisamehewe hesabu kwa ajili ya ushindi wake, bali asaidiwe zaidi, kwa kuwa atahitaji akili siku miguu itakapochoka.

Nanyi vijana, kimbieni. Mkiweza kutangulia, tangulieni bila woga kama yule kijana wa Karatu. Mkipitwa, msitoke njiani, malizeni. Na mkifika, tazameni nyuma, mwone ni nani mwaweza kumshika mkono.

Tumemaliza.