Furaha ya Mtoto Mwenye Usonji Isizimwe

Mada kwa wazazi, walezi na walimu wa Kitui na Makueni



Usonji unapotajwa barazani, mazungumzo huanza na shida: mtoto hasemi, halali, hashikiki. Shida hizo zipo. Lakini kuna jambo moja ambalo huachwa nje, nalo ni furaha. Mtu mwenye usonji hufurahi, tena sana. Ila furaha yake mara nyingi haina sura ambayo majirani wameizoea, kwa hivyo huitwa utundu, ugonjwa au pepo.

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua na kupokea mambo. Mtu huzaliwa nao na kuzeeka nao. Hauambukizi, wala hauletwi na laana, chanjo au malezi mabaya. Daktari Leo Kanner aliueleza nchini Marekani mwaka 1943, ingawa watu wa namna hii walikuwepo tangu zamani, Ukambani na kwingineko. Wengine huongea vizuri, wengine hawaongei kabisa. Wengine hujitegemea, wengine huhitaji msaada maisha yao yote.

Masikio, macho na ngozi za wengi wao hupokea mambo kwa nguvu kuliko kawaida. Kipaza sauti cha siku ya soko, Wote au Mwingi, kinaweza kumuumiza mtoto mpaka azibe masikio na kulia. Lakini masikio na ngozi hizo hizo humpa raha ambayo wengine hawaipati: mchanga mkavu wa mto Tiva ukipita katikati ya vidole, mvua ya kwanza ya Novemba juu ya mabati, au rangi za kiondo zikirudi mahali pake mzunguko baada ya mzunguko. Anaweza kukaa na jambo kama hilo saa nzima. Watu husema amezubaa, kumbe anafurahi.

Furaha hiyo huonekana mwilini. Mtoto hupunga mikono, huruka, hujizungusha au hurudia sauti moja. Mtu mzima akiona hivyo humshika mikono na kumwambia, "Tulia!" Likirudiwa kila siku, mtoto hujifunza kwamba kila anapofurahi anakosea. Mwishowe ataacha kupunga mikono mbele za watu, na wageni watasema amepona. Hajapona, amejifunza kujificha. Watu wazima wenye usonji katika nchi mbalimbali wameeleza jinsi kujificha huko kunavyowachosha na kuwatia huzuni. Mwendo usiomuumiza yeye wala mwenzake hauna haja ya kuzuiwa. Unaomuumiza, kama kugonga kichwa ukutani, ndio wa kutafutiwa msaada, kwa sababu huenda ni dalili ya maumivu, hofu au kelele zilizomzidi.

Wengi pia hupenda kitu kimoja kwa moyo wote. Mtoto wa Emali, Kibwezi au Mtito Andei anaweza kupenda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, akajua saa zake na kuhesabu mabehewa yake kila siku. Mwalimu mwerevu hamnyang'anyi treni hiyo. Humfundisha hesabu kwa mabehewa, saa kwa ratiba, na kusoma kwa majina ya stesheni. Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuchelewa kuongea, aliwapenda ng'ombe tangu ujana wake. Leo ni profesa wa sayansi ya mifugo anayejulikana duniani. Si kila mtoto atakuwa profesa, wala furaha haihitaji kuzaa cheo ndipo iheshimiwe.

Kisha kuna salamu. Ukambani, mtoto asiyeitika "Wakya" husemwa hana adabu. Kwa mtoto mwenye usonji, kumtazama mtu machoni na kushikwa mkono ghafla kunaweza kuwa mzigo mzito. Mtoto huyo huyo anaweza kukaa karibu na nyanya yake asubuhi nzima wakichambua ndengu bila neno, na kesho akaitafuta nafasi ile ile. Huo nao ni upendo.

Furaha inahitaji ulinzi. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji bila kuona hatari. Bwawa na kisima vizungushiwe ua, na majirani waelezwe jina la mtoto na mambo yanayomtuliza. Wengine, kwa hofu au aibu, humfungia mtoto ndani au kumfunga kamba. Hofu ya mzazi inaeleweka, lakini kamba humwondolea mtoto hatari na maisha pamoja. Beseni la maji kivulini, mtu mzima akiwa karibu, humpa raha ile ile bila hatari ya bwawa.

Sheria iko upande wa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumlinda dhidi ya mila zenye madhara. Kifungu cha 54 kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa jina la kumdhalilisha. Mzazi mwenye shaka aanzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha aulize ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kupimwa kwa mtoto ili apate nafasi shuleni. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linaloandikisha.

Jioni ya leo, kila mzazi ajiulize: mtoto wangu hufurahishwa na nini? Jibu aliandike, na siku ya kumpeleka kliniki au shuleni alitaje pamoja na shida zote. Mwalimu anayelijua jibu hilo atakuwa na mahali pa kuanzia.