Charles Martin Hall na Watu wa Nyumbani Kwake: Mada kwa Semina ya Walimu wa Kemia



Tarehe 6 Desemba 1884 mafundi walikiweka kilele cha alumini, chenye uzito wa karibu kilo 2.8, juu ya mnara wa George Washington katika mji mkuu wa Marekani. Siku hiyohiyo mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Oberlin, Ohio, alikuwa anatimiza miaka 21. Alumini enzi hizo ilikuwa metali ya vitu vya heshima. Njia ya Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville ilitegemea sodiamu, na sodiamu ilikuwa ghali. Udongo wa dunia nzima umejaa alumini, lakini imeshikana na oksijeni kwa nguvu ambayo mkaa wa tanuru la chuma hauwezi kuivunja.

Mwanafunzi huyo, Charles Martin Hall, husimuliwa mara nyingi kama kijana mwenye kipaji aliyejifungia bandani peke yake akatoka na utajiri. Simulizi hiyo inatupotosha, na sisi walimu inatupotosha zaidi, kwa sababu inatufuta sisi wenyewe.

Nianze na mwalimu wake. Frank Fanning Jewett alisoma Göttingen, Ujerumani, alikokutana na Friedrich Wöhler, mmoja wa watu wa kwanza kuitenga alumini. Alirudi na kipande cha metali hiyo na kukionyesha darasani, akiwaambia wanafunzi kwamba atakayepata njia rahisi ya kuitengeneza atawafaa watu wengi na kujifaa mwenyewe. Baadaye alimwachia Hall atumie maabara yake na kumwazima vifaa.

Kisha dada yake. Julia Brainerd Hall alizaliwa 1859 Jamaika, ambako wazazi wao walikuwa wamisionari. Alisoma Oberlin, akapitia kemia, akamaliza 1881, miaka minne kabla ya mdogo wake. Mama yao aliugua, na akafariki 1885. Uangalizi wa nyumba ukamwangukia Julia. Banda la kuni alimofanyia Charles majaribio lilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo, na jioni kwa jioni walizungumza juu ya kazi ile.

Majaribio yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Alumina, yaani oksidi ya alumini, huyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, joto lisilofikika kwa jiko la bandani. Hall akatafuta kitu cha kuiyeyushia ndani yake. Alijaribu kupitisha umeme kwenye mmumunyo wa chumvi ya alumini katika maji, akaambulia gesi ya haidrojeni. Mwezi Februari 1886 akageukia kriolaiti, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,000 hivi, akaona alumina inapotelea humo kabisa. Umeme ulitoka kwenye betri alizoziunga mwenyewe, mitungi na mitungi ya asidi. Bado metali haikutokea, ila utando wa kijivu. Alishuku kwamba chungu chake cha udongo ndicho kilichokuwa kikitoa silikoni na kuchafua kazi. Akakikandika ndani kwa kaboni, akarudia. Tarehe 23 Februari, Julia akiwepo, alikivunja kile kilichoganda na kukuta vipande vidogo vinavyong'aa kama fedha. Akavipeleka kwa Jewett.

Julai mwaka huo aliomba hataza, akakuta ametanguliwa. Paul Héroult wa Ufaransa, kijana wa rika lake hasa, alikuwa amesajili njia ileile kwao tarehe 23 Aprili. Sheria ya Marekani ilimwangalia aliyevumbua kwanza, kwa hiyo Hall alipaswa kuthibitisha Februari. Hapo ndipo Julia alipotoa ushahidi. Alieleza majaribio hatua kwa hatua, na barua zenye tarehe alizopelekewa kaka yao George zikaonyeshwa. Hataza ikatolewa 2 Aprili 1889. Wako wanaomwita Julia mvumbuzi mwenza. Mimi sifiki huko, maana ushahidi uliopo haufiki. Lakini shahidi asiyejua kemia asingeweza kuyaeleza yale, na bila ushahidi ule pengine leo tungesema njia ya Héroult pekee badala ya njia ya Hall na Héroult.

Vipande vya kiganjani havikuwa kiwanda. Hall alitafuta wafadhili bila mafanikio, akakaa karibu mwaka mmoja kwenye kampuni ya ndugu wa Cowles, nayo haikuichukua njia yake. Mwaka 1888 huko Pittsburgh, Alfred Hunt na wenzake walichanga dola 20,000. Hall na kijana aitwaye Arthur Vining Davis wakapokezana zamu za saa 12 katika kiwanda kidogo cha Mtaa wa Smallman. Humo alithibitisha jambo ambalo betri zake ndogo zisingeweza kumwonyesha: chombo kikiwa kikubwa, umeme wenyewe unatosha kuuweka mchanganyiko katika hali ya kuyeyuka, bila moto wa nje. Katika miaka michache bei ya ratili moja ilishuka chini ya dola 1. Mwaka 1895 walihamia umeme wa maporomoko ya Niagara. Kampuni ikawa Aluminum Company of America mwaka 1907.

Mwaka 1911 Hall alipewa Nishani ya Perkin, na Héroult alihudhuria kumpongeza. Wote wawili walizaliwa 1863 na wote wawili walifariki 1914. Hall hakuoa. Sehemu kubwa ya mali yake aliigawia elimu: Oberlin, Chuo cha Berea, na shule za Asia. Sufuria tunazopikia leo, na kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, vimetokana na njia ileile ya kriolaiti na kaboni.

Kwa majadiliano, naomba somo la elektrolisisi lianze na jaribio lililoshindwa. Chukueni shabu ile ya kusafishia maji, iyeyusheni ndani ya maji, tumbukizeni risasi mbili za penseli zilizounganishwa na betri za tochi. Wanafunzi wataona viputo upande wa hasi na, wakisubiri, utando mweupe unaotanda jirani yake, wala hapatakuwa na metali yoyote. Waulizwe kwa nini, waandike majibu yao kwa tarehe, na mwenzao aliyeshuhudia atie sahihi. Kriolaiti isiguswe darasani, maana ina floraidi. Hatua ya kriolaiti ichorwe ubaoni, pamoja na majina ya Jewett na Julia.