Mfuko Usiugue Ninapougua Mimi

Hotuba ya Mweka Hazina wa Mfuko wa Wagonjwa wa Saratani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam



Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nitazungumza kwa hesabu. Wengi mnajua pia kwamba ninaishi na saratani ya matiti. Nilitibiwa miaka minne iliyopita, na mwaka jana ikaonekana kwenye mifupa. Madaktari wameniambia wazi kwamba kazi ya dawa sasa ni kuituliza, si kuimaliza. Nameza vidonge, nahudhuria kliniki, na siku nyingi naenda kazini. Nasema haya kwa sauti ili asiyejua asiyasikie kwa minong'ono.

Nikipita na daftari la michango, wengi mnaniangalia usoni, mnanionea huruma, mnatoa. Nawashukuru sana. Lakini huruma hutoa mara moja, na mgonjwa anahitaji nauli kila mwezi. Msichangie sura yangu. Changieni safari ya mgonjwa wa nyumbani.

Safari hiyo ikoje? Mimi kutoka kwangu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni daladala mbili. Mama wa Litembo au Maguu ana takriban kilomita elfu moja. Na tiba ya mionzi haitolewi kwa siku moja ukarudi. Mara nyingi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Kwenye mashine unalala dakika chache tu, lakini lazima uwe hapa mjini kesho yake, na kesho kutwa. Anahitaji chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi hospitali, na mtu wa kumshika mkono akiishiwa nguvu. Huku nyuma kahawa inaiva na hakuna wa kuichuma.

Ndipo mtu anaposema, "Nitakwenda baada ya mavuno." Saratani haijui msimu. Akija baada ya mavuno, uvimbe uliokuwa mdogo umekwishasambaa, tiba imekuwa ngumu na gharama imepanda. Kwa hiyo nauli inayotoka mapema huokoa fedha, na huweza kuokoa mtu.

Sasa hesabu. Katika makadirio ya kamati, mgonjwa mmoja na msindikizaji wake tumewawekea shilingi 800,000 za nauli, chumba na chakula. Wanachama 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 12,000,000. Hao ni wagonjwa 15. Mtu mmoja tajiri angeweza kutoa fedha hizo leo, tukampigia makofi. Lakini mwakani tungelazimika kumtafuta tena.

Mwaka 1980 kijana wa Canada, Terry Fox, alifanya hesabu kama hii. Alikuwa amekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Aliamua kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akiomba dola moja kwa kila raia kwa ajili ya utafiti wa saratani. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, ilibidi asimame: saratani ilikuwa imefika mapafuni. Lakini watu hawakusimama. Kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24, nchi ikiwa na watu wapatao milioni 24. Alifariki Juni mwaka huo akiwa na miaka 22. Mbio za jina lake hufanyika hadi leo, kila mwaka.

Ninachojifunza kwake si ushujaa wa kukimbia. Mimi hata ngazi zinanishinda siku nyingine. Ninajifunza kwamba aliomba kiasi ambacho kila mtu anaweza kukitoa, na kazi ikaendelea bila yeye.

Sisi Wamatengo tunalijua jambo hili. Shimo moja la ngoro halizuii udongo wa mlima. Yakiwa mengi, yamepangana mteremko mzima, mvua inakuja na shamba linabaki.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, jaza fomu ya benki ili shilingi 5,000 zikatwe zenyewe kila mwezi, hata mwezi ambao sikukupigia simu. La pili, akaunti iwe na watia saini watatu, na wawili wakitosha fedha zitoke. Nikilazwa, mgonjwa wa Mbinga asikose nauli kwa sababu saini yangu iko wodini. Na hesabu zikaguliwe na mtu asiye wa kamati, zisomwe hapa kila mwaka.

La tatu halina gharama. Pigeni simu nyumbani leo. Waambieni mama na dada zetu waende kituo cha afya kuchunguzwa mlango wa kizazi. Kipimo cha siki hutoa majibu papo hapo. Chanjo ya HPV kwa wasichana wetu hutolewa bure tangu mwaka 2018. Anayehisi uvimbe kwenye titi asisubiri uume ndipo aende.

Sijui nitasoma hesabu hizi kwenu mara ngapi zaidi. Nataka atakayezisoma baada yangu akute fedha kwenye akaunti, vitabu vilivyokaguliwa na orodha ya waliokwishasafiri. Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni, na kalamu zipo.