Msalaba wa Ukuti



Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Jumapili ya Mitende, niliketi na wanangu barazani hapa Tudor, tukasuka misalaba kwa kuti bichi la mnazi. Wa kitinda mimba, mwenye miaka 4, wake ukaenda upogo. Nikaona aibu ya kanisani. Nikaufumua, nikausuka upya. Asubuhi alikataa kuushika. "Huu si wangu, mama."

Katika Mathayo 21 wakuu wa makuhani walichukizwa na watoto waliomshangilia Yesu hekaluni. Yeye alizipokea sifa zao. Mzazi mwenzangu, tusifumue ambacho Bwana amekwisha kukipokea.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka ya mikono yetu. Amina.