Baraza Linapomfuatilia Mkazi kwa Siri: Nani Husimamia?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wakazi wa kata)



Mapema mwaka 2008, katika mji wa Poole ulioko pwani ya kusini ya Uingereza, mama mmoja, mwenzi wake na watoto wao watatu walifuatiliwa kwa siri na maafisa wa baraza kwa muda wa wiki tatu hivi. Nyendo zao ziliandikwa. Hawakushukiwa wizi wala ulanguzi. Baraza lilitia shaka tu iwapo kweli walikaa katika eneo la shule waliyomwombea mtoto wao nafasi. Nao walikaa humo. Mwaka 2010 Mahakama Maalumu ya Mamlaka za Upelelezi iliamua kwamba ufuatiliaji ule ulikuwa kinyume cha sheria.

Familia ile haikugundua lolote kwa macho yake. Ilikuja kuambiwa baadaye na baraza lenyewe. Hapo ndipo penye uzito wa suala zima. Anayefuatiliwa kwa siri hawezi kulalamika, kwa kuwa hajui. Lazima wawepo wengine wa kuuliza kwa niaba yake, tena kabla ya jambo kutendeka.

Mamlaka yenyewe yametokana na sheria ya mwaka 2000, na hayakutungwa kwa ajili ya kuwaandama wazazi. Anayemwaga taka kwa malori usiku, au muuza duka anayewapa watoto sigara, hakamatwi kwa barua ya onyo peke yake. Wakazi wanaodai mapipa na vichochoro safi ndio hao hao wanaotaka mtupaji taka anaswe, na wana haki kutaka hivyo.

Baada ya kilio cha Poole na visa vingine, Bunge lilikaza masharti kwa Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka 2012. Tangu tarehe 1 Novemba mwaka huo, katika Uingereza na Wales, saini ya mkuu wa idara haitoshi: kibali hakianzi kutumika mpaka hakimu akikubali. Kosa linalochunguzwa sharti liwe na adhabu ya juu isiyopungua miezi 6 gerezani, au lihusu kuwauzia watoto pombe au tumbaku. Kibali cha kumfuatilia mtu hudumu miezi 3. Kutega kinasa sauti ndani ya nyumba ya mtu au gari lake binafsi ni jambo ambalo baraza haliruhusiwi kabisa.

Hata hivyo, hakimu husikiliza upande mmoja tu, tena faraghani. Mhusika haitwi, na haiwezekani kumwita. Kwa hiyo kila kitu hutegemea ukweli wa fomu iliyowekwa mezani. Je, afisa ameeleza kwa nini njia nyepesi hazikufaa, kama vile kubisha hodi na kuuliza? Je, amewataja watoto na majirani watakaoonekana pamoja na mshukiwa? Fomu ya mistari miwili haimsaidii hakimu hata akiwa makini kiasi gani.

Tena kuna mlango wa nyuma, usiozungumzwa sana. Kosa lisipofikia kiwango cha miezi 6, kibali hicho hakipatikani. Lakini sheria haisemi kwamba kila ufuatiliaji usio na kibali ni haramu papo hapo. Baraza hupoteza kinga ya sheria ile na kubaki na wajibu wa kuheshimu haki ya faragha. Mabaraza mengine hujaza fomu zao wenyewe kwa shughuli za namna hiyo, na fomu hizo hazifiki kwa hakimu yeyote. Vivyo hivyo afisa anayerudia rudia kuchungulia ukurasa wa mkazi mtandaoni, akidhani anapitisha macho tu: mwongozo wa serikali unasema hilo laweza kuhitaji kibali.

Tangu mwaka 2017 Kamishna wa Mamlaka za Upelelezi ndiye anayekagua mabaraza. Wakaguzi wake husoma majalada, lakini huja mara moja kwa miaka kadhaa. Katikati ya ziara hizo, mwongozo huohuo unawataka madiwani wapitie matumizi ya mamlaka haya angalau mara moja kwa mwaka. Taarifa hiyo mara nyingi huwekwa mwishoni mwa ajenda, wakati watu wanatafuta makoti yao. Mkazi anaweza kumwomba diwani wake aisome kwa sauti: vibali vingapi viliombwa, vingapi vilikataliwa, na ufuatiliaji mangapi ulifanyika pasipo kibali. Taarifa inayosema "hakuna" kila mwaka nayo ina swali lake, kwani huenda hakuna aliyefuatiliwa, au huenda hakuna aliyeandika.

Anayeamini amefuatiliwa isivyo halali anaweza kupeleka malalamiko kwenye Mahakama Maalumu ile ile iliyoamua kesi ya Poole. Hatozwi ada, wala halazimiki kuwa na wakili. Kwa kawaida malalamiko yafike ndani ya mwaka 1 tangu tukio.