Sumu iliyobaki Vikuge

Ghala lilianguka, shehena ya viuatilifu vilivyoisha muda ikaondolewa, lakini sumu ilibaki. Hayo ndiyo waliyobaini watafiti waliochunguza shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, na kuchapisha matokeo mwaka 2004: udongo kandokando ya ghala na maji ya kisima bado vilikuwa na mabaki mengi ya sumu, DDT ikiwamo.

DDT haiozi upesi. Hukaa ardhini miaka mingi, hujikusanya kwenye mafuta ya wanyama, na humfikia mtoto kupitia maziwa ya mama.

Mwilini huvuruga homoni. Zao lake liitwalo DDE huizuia homoni ya kiume isifanye kazi yake. Katika Ziwa Apopka, Florida, ambako kemikali zenye DDT zilivuja mwaka 1980, mtafiti Louis Guillette na wenzake walikuta mamba madume wachanga wenye homoni hiyo pungufu na uume mdogo kuliko kawaida.

Mkataba wa Stockholm wa 2001 unairuhusu DDT kwa kudhibiti wadudu waenezao maradhi kama malaria tu. Ni hatua kubwa, ila haitoshi. Kila panapoondolewa viuatilifu vya zamani, udongo na visima vipimwe, na wakazi waelezwe majibu.